Mgeni na Ada za Kamusi Elezo

Hakuna kikao cha watu kisichokuwa na ada zake. Baraza la wazee lina ada, chama cha kuzikana kina ada, soko la Kawangware lina ada. Na mgeni aingiaye pasipo kuzijua hujikwaa kabla hajaketi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili hizo hazikuwa za kula na kulala tu, bali zilikuwa pia za kutazama jinsi wenyeji wanavyolima. Katika insha hii nataka kueleza habari za shamba moja ambalo mgeni hupewa jembe saa ile ile aliyofika, wala haulizwi jina lake wala kiwango cha elimu yake. Shamba hilo ni Wikipedia, kamusi elezo iandikwayo na watu wengi kwa njia ya intaneti. Kijana wa Gatina au wa Kabiro mwenye simu mkononi aweza kuingia humo akaandika, sawasawa na profesa wa London. Lakini kupewa jembe si kujua kulima, na wengi huondoka siku ya kwanza kwa uchungu wakidhani wamefukuzwa, kumbe hawakufahamu ada za mahali.

Ada hizo hazikuzuka bure. Karibu kila moja ilizaliwa na ugomvi au msiba fulani, na ajuaye asili ya sheria huitii kwa moyo mwepesi kuliko aambiwaye tu kwamba ndiyo sheria. Kwa sababu hiyo yafaa tuanze na historia.

Kamusi elezo ni kitabu kikusanyacho maarifa ya kila namna na kuyaeleza kwa ufupi. Ile ya Kiingereza iitwayo Britannica ilianza kuchapishwa Edinburgh mwaka 1768. Kwa muda mrefu kazi za namna hii zilikuwa mikononi mwa wateule wachache: mhariri aliwachagua wataalamu, wataalamu wakaandika, na msomaji akapokea. Nasi katika Afrika ya Mashariki tuliujua mtindo huo. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na humo Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kuvisoma vitabu vilivyokusudiwa kutumiwa shuleni na kuvipa ithibati. Kamati hiyo ilituletea tahajia moja kutoka pwani hata bara, na faida yake tunaila mpaka leo. Lakini wajumbe wake wa miaka ya mwanzo walikuwa maofisa wa elimu na watu wengine wa Kizungu, ingawa lugha iliyojadiliwa ilikuwa ya Waafrika. Lango lilikuwa mbele ya kitabu, na funguo zilikuwa mikononi mwa wachache.

Wikipedia nayo ilianza na lango la namna hiyo. Mwaka 2000 Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, walianzisha kamusi elezo iliyoitwa Nupedia. Kila makala ilipaswa kupita ngazi saba za ukaguzi wa wataalamu kabla ya kusomwa na watu. Mwaka mmoja ulipokwisha, makala zilizovuka ngazi zote zilikuwa zipatazo ishirini tu. Ndipo waanzilishi walipogeukia chombo kilichokuwa kimebuniwa mwaka 1995 na Ward Cunningham, yaani tovuti ambayo kila msomaji wake aweza kuibadili. Cunningham alikiita chombo chake kwa neno la Kihawaii, wiki, maana yake haraka. Wikipedia ikafunguliwa tarehe 15 Januari 2001, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa na makala kiasi cha 20,000.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo mgeni hana budi kuifahamu kabla ya nyingine zote. Lango halikuondolewa. Lilihamishwa kutoka mbele likawekwa nyuma. Zamani ukaguzi ulitangulia kuchapwa. Sasa kuchapwa kunatangulia ukaguzi. Mtu huandika kwanza, kisha wenziwe husoma, husahihisha, huuliza, na pengine hufuta. Asiyejua jambo hili huona maneno yake yamekubaliwa asubuhi, akafurahi. Akarudi jioni akute hayapo, akalia kwamba ameonewa. Kwa kweli hakukubaliwa asubuhi wala hakuonewa jioni. Ukaguzi ulikuwa bado kufika.

Kamusi elezo ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Miongoni mwa walioipalilia ilipokuwa changa ni Ndesanjo Macha, mwandishi kutoka Tanzania. Ikakua kidogo kidogo, hata ikawa kubwa kupita zote zilizoandikwa katika lugha za Kibantu. Wenyeji wake wana msamiati wao ambao mgeni yampasa ajifunze. Makala fupi isiyokamilika huitwa mbegu, jina zuri, kwa kuwa humkumbusha msomaji kwamba kazi ya kumwagilia ni yake. Walinzi wenye mamlaka ya kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu huitwa wakabidhi. Kila ukurasa una historia yake, ambamo kila badiliko limehifadhiwa pamoja na saa lilipofanywa na alama ya aliyelifanya. Hata neno lililofutwa laweza kurudishwa. Tena kila makala ina ukurasa wa majadiliano, ambao ni baraza lake. Anayebishana na mwenzake hufuta na kurudisha, hufuta na kurudisha, mpaka wote wawili wanazuiwa. Lakini anayejua ada huenda barazani, hueleza sababu zake, kisha husubiri jibu.

Tutazame sasa mfano wa karibu. Kijana wa Kawangware ataka kuandika juu ya mtaa wake. Anaanza kwa jina. Katika Kikikuyu ngware ni yule ndege tumwitaye kwale, na wenyeji wengi husema kwamba jina la mtaa limetoka huko, kwa kuwa zamani palikuwa kichaka cha ndege hao. Kijana anaandika hivyo. Baada ya siku moja mtu asiyemjua anaweka alama mbele ya sentensi ile, akiuliza ushahidi u wapi. Kijana anakasirika: yeye amezaliwa hapa, mama yake amezaliwa hapa, na huyu aulizaye labda hajapata hata kupita kituo cha 46! Hasira yake yaeleweka, lakini swali ni la haki. Kamusi elezo haimuulizi mwandishi anajua nini. Humuuliza msomaji atahakikishaje. Msomaji aliye Kisangani au Maskati hawezi kumwona mama wa kijana yule. Aweza kukiona kitabu, gazeti, ripoti au ramani. Hii ndiyo ada ya kwanza, nayo huwauma zaidi wale walio na maarifa mengi ya kuishi na vitabu vichache vya kunukuu.

Kisa kimoja cha Nairobi chaonyesha vizuri jinsi ada hii ilivyoweza kuumiza pande zote mbili. Mwezi wa Machi 2010 kundi la wanamuziki la Just A Band lilitoa picha ya wimbo wao uitwao Ha-He, yenye shujaa wa mzaha aitwaye Makmende. Jina hilo watoto wa Nairobi walilijua tangu miaka ya 1990. Lilitokana na maneno ya Kiingereza ya mchezaji wa sinema Clint Eastwood, yaliyogeuzwa na ndimi za mitaani, na alipewa kwa dhihaka mtu ajionaye mbabe. Kwa siku chache Kenya nzima ilicheka, na mzaha ukaenea katika intaneti. Vijana wakakimbilia Wikipedia ya Kiingereza kuandika makala ya Makmende. Ikafutwa. Wakaandika tena. Ikafutwa tena. Waliofuta hawakupata kulisikia jina hilo, wakaona ni upuuzi au uharibifu. Hatimaye magazeti na vituo vya habari vya ng'ambo vilipoandika juu yake, makala ikakubaliwa ikabaki.

Ni nani aliyekosea? Nadhani haki imegawanyika. Baadhi ya walioandika mara za kwanza walitia mzaha wenyewe badala ya kuueleza, na kamusi elezo si mahali pa kuendeleza utani. Lakini waliofuta nao walidhani kwamba jambo wasilolijua halijulikani. Jambo lilikuwa limejaa vinywani mwa maelfu ya watu, likangoja ng'ambo ilithibitishe ndipo liitwe jambo. Wenyeji wa kamusi hiyo walikuwa na ada moja waliyoiandika wenyewe, isemayo wageni wasing'atwe, na nyingine isemayo kila mtu adhaniwe mwema mpaka ithibitike vingine. Siku zile ada hizo hazikushikwa sawasawa. Basi mgeni akifunzwa ushahidi, mwenyeji naye afunzwe subira. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini tusije tukadhani kwamba dai la ushahidi ni silaha ya wageni dhidi yetu. Mara nyingine ni ngao yetu. Jirani zetu wa Kibera wanalijua jambo hili. Kwa miaka mingi iliandikwa katika magazeti, vitabu na hotuba kwamba Kibera ina watu milioni moja, na kwamba ni mtaa wa mabanda ulio mkubwa kupita yote katika Afrika. Mwandishi mmoja alinakili kwa mwenziwe, naye kwa mwenziwe, mpaka ikawa kana kwamba ni ukweli. Ndipo sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu watu 170,070. Wako walioishuku hesabu hiyo wakisema wengi hawakuhesabiwa, na yawezekana kuishuku. Lakini tofauti kati yake na milioni moja ni kubwa mno kuelezwa kwa nyumba chache zilizorukwa. Kamusi elezo yenye ada nzuri haimwamuru msomaji aiamini sensa. Husema tu kwamba sensa ya 2009 ilihesabu hivi, na wengine wamekadiria vile, kisha humwonyesha palipoandikwa. Hapo mwenyeji wa Kibera hapunguziwi heshima wala haongezewi umaskini kwa ajili ya kupendeza hotuba ya mtu.

Mwaka huo huo wa 2009 lilitokea jambo jingine huko Kibera. Mtaa ule, pamoja na umaarufu wake wote, katika ramani nyingi ulionekana kama kiraka kitupu. Mikel Maron na Erica Hagen walikuja wakashirikiana na vijana kumi na watatu wa mtaa, wakapewa vifaa vya kupimia mahali, wakatembea vichochoroni wakiandika palipo na shule, zahanati, bomba la maji, choo na kanisa. Kazi hiyo iliitwa Map Kibera, na matokeo yake yakatiwa katika OpenStreetMap, ambayo ni ramani ichorwayo na watu wote kwa mtindo wa Wikipedia. Vijana wale hawakusema, tuaminini kwa sababu sisi ni wenyeji. Walipima. Uenyeji wao uliwajulisha pa kupita, na kipimo kikawapa wengine sababu ya kuamini. Hilo ni fundisho kubwa kwa yeyote ataka kuandika habari za kwao.

Ada ya pili ni kutoegemea upande, nayo ni ngumu kupita ya kwanza. Ardhi ya Dagoretti, ambamo Kawangware imo, ina historia nzito. Mwezi wa Oktoba 1890 Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alijenga boma upande huu akafanya mapatano na Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayakudumu, boma liliachwa, likateketezwa, na mwaka 1891 Waingereza wakajenga jingine huko Kabete, lililoitwa Fort Smith. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa baada ya kupigana nao humo, akapelekwa njia ya pwani, akafa Kibwezi. Maandishi ya watu wa Kampuni yasema alikufa kwa jeraha la kichwani. Mapokeo ya Wakikuyu yasema alizikwa akiwa hai. Mwanafunzi aandikaye makala hii moyo wake una upande, wala si dhambi. Lakini hapaswi kuandika kwamba mapokeo ni hadithi tu, wala kwamba maandishi ni uongo tu. Aandike yote mawili, kila neno na mwenyewe: hawa wasema hivi, na wale wasema vile. Asiyeegemea upande hatakiwi kuwa baridi. Amtakia msomaji wake uhuru wa kupima mwenyewe.

Hata hivyo mfano huu wafunua udhaifu ambao haujatibiwa. Maofisa wa Kampuni waliandika shajara na barua, na hizo zikawa vitabu. Wazee wa Dagoretti walisimulia, na masimulizi yao mengi yalikwenda kaburini pamoja nao. Ada ya ushahidi, ikishikwa bila ya busara, humpa neno la mwisho yule aliyekuwa na wino. Mwaka 2011 Mhindi mmoja, Achal Prabhala, pamoja na wenzake walijaribu dawa huko India na Afrika ya Kusini: walirekodi sauti za watu wakieleza michezo, mapishi na desturi zao, kisha wakazitumia sauti hizo kama ushahidi wa makala. Wengine walisifu, wengine walipinga wakisema hayo ni utafiti mpya ambao haujakaguliwa na mtu, na kamusi elezo haikubali utafiti mpya. Mjadala huo wangali nao.

Sisi tusiingoje hukumu. Kama masimulizi ya wazee hayawezi kutiwa moja kwa moja katika kamusi, basi yapitishwe mlango halali. Mwanafunzi amwendee mzee aliyeiona Dagoretti ilipokuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu, kabla ya miaka ya 1960 ilipotiwa katika jiji la Nairobi. Aandike alilosikia, pamoja na tarehe na mahali. Shule ichape jarida, maktaba ilihifadhi, gazeti lipelekewe. Kijitabu kikichapwa na kuhifadhiwa, kwaweza kuwa na cha kunukuu mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Kazi hii ni ndefu, lakini hakuna atakayetufanyia.

Ada ya tatu yahusu heshima ya watu walio hai. Mwezi wa Mei 2005 mtu mmoja asiyejitaja aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, alipata kushukiwa kuhusika katika kuuawa kwa John Kennedy na ndugu yake Robert. Ilikuwa uongo mtupu, nao ulikaa miezi minne pasipo kuonwa. Seigenthaler alipolalamika hadharani, wenyeji waliona aibu, na mwezi wa Desemba wakaamua kwamba asiyejiandikisha asianzishe makala mpya katika toleo hilo. Tokea hapo habari za walio hai hutazamwa kwa jicho kali. Mwezi huo huo jarida la Nature lilitangaza kwamba wataalamu walilinganisha makala 42 za sayansi, wakaona makosa 162 katika Wikipedia na 123 katika Britannica. Mambo haya mawili yapaswa kukumbukwa pamoja. Wengi wakisahihishana wanaweza kukaribia wataalamu, na mmoja mwovu akiachwa aweza kumchafua mtu kwa miezi. Uzuri wa kazi wategemea wangapi wanakesha.

Limebaki neno juu ya lugha. Katika kamusi elezo ya Kiswahili hukutana mwandishi wa Nairobi na wa Dodoma, wa Unguja na wa Lubumbashi. Kila mmoja hudhani Kiswahili chake ndicho. Mgeni kutoka Kawangware asilete Sheng katika makala, si kwa sababu Sheng ni aibu, bali kwa sababu msomaji wa Kigoma hatamfahamu. Lakini makala inayoieleza Sheng yafaa sana, na ni nani aielezaye kuliko yeye? Asinakili kurasa za kitabu cha mwingine, maana huo ni wizi hata kama lengo ni jema. Wala asichukue makala ya Kiingereza akaitia katika mashine ya kutafsiri na kuimwaga kama ilivyotoka. Sentensi za namna hiyo humchosha msomaji, na mwenyeji mmoja hubaki na kazi ya kufagia. Aanze na kidogo: asahihishe herufi iliyokosewa, aongeze mwaka uliosahaulika, aseme chanzo chake. Akifutwa, asome sababu kabla ya kujibu. Akiona ameonewa, aende barazani kwa adabu.

Mwezi wa Agosti 2025 waandishi wa Wikipedia kutoka pande nyingi za dunia walifanya mkutano wao wa mwaka hapa Nairobi. Walikuja kama wageni, nasi tukawa wenyeji. Lakini katika kamusi yenyewe mambo bado yamegeuka: habari nyingi za mitaa yetu zimeandikwa na watu walio mbali, na sisi ndio wageni wa habari zetu wenyewe. Hali hiyo haitaondoka kwa kulalamika wala kwa kufutana. Itaondoka siku ambayo wanafunzi wa Kawangware na Kibera watakapokuwa wameketi miongoni mwa wenyeji, wakizijua ada, wakizitii zilizo za haki, na wakizijadili barazani zile zinazohitaji kurekebishwa.